Kamati ya Kuonja Chakula cha Mchana

Hapo zamani, zamani zile wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za bati na kununiana na jirani kwa sababu ya takataka, kulikuwa na mtaa mmoja pembeni ya mji ukiitwa Mlimakwato. Kaeni vizuri, wanangu, wala msinivute nguo. Nimesimama jikoni tangu asubuhi, miguu inaniwaka, kwa hiyo nitasimulia mara moja tu.

Mlimakwato kulikuwa na vibanda vitatu vya chakula cha mchana. Cha kwanza kilikuwa cha Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne, mdogo wa mwili lakini mwepesi wa akili. Cha pili kilikuwa cha Mama Kanga, mwenye madoadoa mengi na maneno mengi zaidi. Cha tatu kilikuwa cha Nungunungu, bwana mpole, ila usimpite kwa nyuma bila kupiga hodi.

Vibanda vyenyewe vilikuwa nguzo nne na turubai bovu. Jua likiwaka, mpishi anaungua pamoja na vitunguu vyake. Na maji je? Maji yalikuwa kisimani, kule chini bondeni. Unashuka na ndoo, unapanda na ndoo, ukifika juu nusu imeshamwagika mgongoni. Mara nne kwa siku! Jamani, mimi ninayesimulia tu nimeshachoka.

Basi wakazi wakawaonea huruma. Wakashirikiana, wakajenga banda moja zuri pale njia panda. Lilikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji na bomba la maji mlangoni. Lakini banda lilikuwa moja na wapishi walikuwa watatu. Nani apewe?

"Iundwe kamati!" akakoroma Kiboko. "Kamati ya kuonja! Itapita kila kibanda, itaonja, halafu itasema nani anapika vizuri. Huyo ndiye achukue banda. Wengine wafunge, watafute kazi nyingine."

"Na mwenyekiti awe nani?" wakazi wakauliza.

"Mimi."

"Na katibu?"

"Niko hapa," akasema Fisi, kijiko tayari kikiwa mkononi.

Nani angebisha? Kiboko akikaa mkutanoni, safu mbili za viti zinahama. Wakazi wakapiga makofi, pa! pa! pa! wakaenda zao nyumbani. Hivyo ndivyo kamati zinavyozaliwa, wanangu.

Kesho yake mchana kamati ikafika kwa Bi Nguchiro.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba. Nipakulie nionje."

Bi Nguchiro akachota kijiko kimoja cha maharage, akaweka juu ya wali kidogo, akampa kwa mikono miwili.

"Hiki ni nini?" Kiboko akatoa macho. "Mimi naonjeshwa kwa kijiko? Hebu tazama kinywa changu! Ulimi uko mbali huko ndani. Kijiko kimoja kitafika lini?"

Akabeba sufuria nzima. Nyam! Nyam! Akashushia na maji, gudu gudu gudu, yale maji ya bondeni. Kisha akacheua. Beeeu! Fisi akaingiza kichwa ndani ya sufuria, akakwangua hadi ukoko, kwaru, kwaru.

"Vipi, Mwenyekiti?" Bi Nguchiro akauliza. "Umeonaje?"

"Siwezi kusema kwa siku moja. Leo nimeonja juujuu tu. Tutarudi kesho."

Kweli kesho wakarudi, na keshokutwa. Kila mchana walipita vibanda vyote vitatu wakionja, na kila walipoonja, sufuria ilibaki nyeupe. Mafundi na wachuuzi wa mtaa walikuja na njaa zao wakakuta wapishi wanasugua vyombo.

"Leo tena hakuna kitu, Mama Kanga?"

"Kamati imepita, baba."

Wakaondoka wakiburuza miguu. Siku kumi na moja zikapita hivyo. Wapishi wakapika sana na wasiuze chochote, na watoto wao wakalala na uji mwepesi. Sitaki kuwadanganya, hilo ndilo lililokuwa likimuuma Bi Nguchiro kuliko jua na kisima. Alijua akikosa lile banda hana pa kwenda, na akiendelea kuilisha kamati atafunga hata kabla hajalikosa.

Hatimaye wakazi wakachoka na njaa. Wakasema Ijumaa alasiri kutakuwa na mkutano, kamati ije na jibu.

Alhamisi jioni wapishi watatu wakakutana kisimani. Mama Kanga alipindua ndoo yake akaikalia.

"Mimi kesho sipiki," akasema. "Kuni zimekwisha, mabawa yananiuma, na unga wa watoto wangu wameumaliza wale wawili."

"Mimi mgongo," akasema Nungunungu. Yeye hakuwa msemaji.

Bi Nguchiro alikuwa amechovya miguu ndani ya maji. Alikuwa anawaza. Msidhani aliwaza mambo makubwa. Aliwaza kama anavyowaza mtu aliyechoka, akitafuta tu njia ya kupunguza kazi.

"Hebu nisikilizeni," akasema. "Kupika vyungu vitatu kwa ajili ya matumbo mawili ni ujinga. Kesho nitapika mimi peke yangu. Chungu kimoja kikubwa cha maharage ya nazi. Kabla jua halijapanda nitapita nyuma ya nyumba, kwenye ua wa minyaa, nimpe kila mmoja ndoo yake. Ninyi msiwashe moto. Pakueni tu."

"Ee! Watajua, shoga!" Mama Kanga akaruka.

"Hawatajua."

"Na wakijua?"

"Wakijua watatufukuza wote watatu. Angalau tutapumzika."

Nungunungu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kamati ianze kuonja.

"Wasipojua," Bi Nguchiro akaendelea, "wataenda mkutanoni kusema cha huyu kitamu, cha yule kibaya. Hapo sisi tutasema kweli, na mtaa mzima utaona kwamba hawa hawaonji, wanakula tu. Lakini atakayesema ni yule aliyesifiwa. Aliyeangushwa akisema, watamwambia ana kijicho. Tumepatana?"

"Tumepatana!"

"Haya, nisaidieni kupandisha hii ndoo. Sina nguvu tena."

Ijumaa mchana kamati ikaanza kwa Nungunungu. Kiboko akaketi kwenye kigoda. Kwacha! Kigoda kikavunjika, Mwenyekiti akawa chini, pu!

"Maharage haya hayajaiva!" akafoka kabla hajatafuna. "Magumu kama kokoto! Katibu, andika!"

"Naandika, Mwenyekiti," akasema Fisi, mdomo umejaa.

Wakaenda kwa Mama Kanga. Mama Kanga, mnamjua, akiona mgeni ulimi unamwasha. "Karibuni, waheshimiwa, karibuni! Sogeeni kivulini! Poleni na kazi, kazi ya kuonja si mchezo!" Akampepea Kiboko kwa bawa, pepe, pepe, pepe. Kiboko akafumba macho.

"Mmmh! Haya ndiyo maharage. Laini! Nazi imekaa mahali pake. Katibu, andika kwa herufi kubwa."

Mwisho wakafika kwa Bi Nguchiro. Yeye alikuwa macho tangu alfajiri, hata kutabasamu hakuweza.

"Karibuni. Chungu kile pale motoni, jipakulieni."

Kiboko akainama juu ya chungu. Akanusa. Akanusa tena. "Mbona harufu hii..."

Moyo wa Bi Nguchiro ukapiga du! du! du!

"...mbona harufu hii imeungua? Katibu, unaisikia? Huyu ameunguza!"

"Imeungua kabisa, Mwenyekiti," akasema Fisi, akipakua sahani ya pili.

Alasiri mtaa wote ukajaa pale njia panda. Fisi akapanda kwenye sakafu mpya ya saruji, akakohoa, akasoma.

"Kibanda cha Nungunungu: maharage mabichi, hayafai. Kibanda cha Nguchiro: yameungua, hayana ladha, kamati inashauri afunge leo hii. Kibanda cha Mama Kanga: maharage bora, ambayo mfano wake kamati haijapata kuuonja tangu izaliwe. Banda ni la Mama Kanga!"

Vigelegele! Makofi! Bi Nguchiro akamtazama Mama Kanga, akangoja.

Mama Kanga hakusema kitu.

Mwanamke yule ambaye hajawahi kunyamaza tangu atoke kwenye yai, siku hiyo alinyamaza. Alikuwa anatazama lile bomba. Mtu alikuwa amelifungua kidogo, na maji yalikuwa yakitoka, tiriri, tiriri, mlangoni kabisa, bila mlima wala ndoo. Akatazama paa. Akawatazama watoto wake kumi na wawili wamejipanga chini yake kivulini.

Sasa ninyi mnaguna. Msigune. Mimi simlaumu. Hamjawahi kupandisha maji mlima ule mara nne kwa siku na tumbo tupu. Kunyamaza kidogo tu, na banda ni lako.

Bi Nguchiro akaona hila yake inamponyoka. Akitamka yeye, wataambizana ana kijicho. Angefanya nini? Akaketi chini mavumbini, mbele ya kila mtu, akafumba macho. Hakuwa anaigiza. Alikuwa amefika mwisho wake.

Mama Kanga akamwona amekaa pale chini. Akaiona mikono yake, myeusi kwa masizi hadi kwenye viwiko, masizi ya chungu kikubwa cha watu watatu.

"Si yangu," akasema, kwa sauti ndogo.

"Unasemaje, Mama Kanga? Paza sauti!"

"Nasema maharage si yangu!" Sasa sauti yake ikarudi yote. "Mimi leo sikuwasha moto! Nungunungu hakuwasha moto! Chungu kilikuwa kimoja, kapika Nguchiro peke yake, tukagawana kwenye ndoo! Huyo mnayemwambia ameunguza ndiye huyo huyo mnayemsifu!"

Mtaa ukalipuka.

"Uongo!" Kiboko akanguruma. "Ulimi wangu haukosei!"

"Basi twendeni tukashike mafiga," akasema Nungunungu. Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote mwaka ule.

Wakaenda wote, kundi zima, vumbi tifu tifu. Kwa Nungunungu, Punda fundi seremala akatia mkono kwenye mafiga. "Baridi!" Kwa Mama Kanga wakakuta mende amelala usingizi juu ya jivu. "Baridi!"

"Moto umezimika tu," Fisi akasema, huku akirudi nyuma pole pole.

"Moto wa mchana, alasiri hii ndiyo jivu limepoa hivi?" Punda akamuuliza. "Umewahi kupika wewe?"

Fisi hakuwahi.

Wakafika kwa Bi Nguchiro. Kiboko akasukuma wenzake. "Nipisheni! Na hapa patakuwa baridi vilevile, mtaona!" Akatia unyayo mzima katikati ya mafiga.

"Uwiiii! Uwiiii! Nakufa!"

Akatimua mbio hadi bondeni, akajitupa kisimani, chubwi! Huko alikaa hadi giza likaingia. Fisi alikuwa ameshapotea zamani, na karatasi yake ya hukumu ilibaki chini ikikanyagwa.

Kamati ikavunjwa palepale. Wakazi wakashauriana, na hawakuhitaji muda mrefu. Kama chungu kimoja kimetosha kulisha vibanda vitatu, banda moja linatosha wapishi watatu. Wapike kwa zamu, mmoja apike, mmoja apakue, mmoja apumzike.

Kiboko na Fisi nao walirudi kula, maana njaa haina aibu ya muda mrefu. Lakini walisimama foleni kama wengine, kila mmoja na sahani yake, nao walipata upawa mmoja, ule ule anaopata sungura.

Jumatatu ya kwanza, Mama Kanga alikuwa mafigani, Nungunungu anapakua, na bomba linatiririka.

"Shoga," akaita Mama Kanga bila kugeuka, "pale mkutanoni nilitaka kukutupa. Ulijua?"

"Nilijua," akajibu Bi Nguchiro. Alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, kivulini, mchana kweupe. "Ningekuwa mimi, sijui kama ningesema."

"Hasira huna?"

Hakujibiwa. Bi Nguchiro alikuwa amelala fofofo, na wateja walimpita kwa kunyata ili wasimwamshe.

Basi, wanangu, kabla hamjasema chakula cha mtu ni kibaya, ulizeni kwanza nani kakipika na kachoka kiasi gani. Haya, hadithi imefika jikoni, nami nakwenda kulala.