Jina Lililorukwa

Tegeni masikio, Wambeso, na wewe unayesinzia pale nyuma amka, maana habari hii inahusu usingizi wa babu zako. Zamani zile, kabla hatujawa na mji huu wala kisima hiki, wakati Mlima Kerwa ungali kwetu, alizaliwa Mvunja Usingizi, Ngurumo ya Kerwa, Miguu ya Taifa, mtoto wa Mgaya, Mgaya wa Semkiwa, Semkiwa wa… Ngojeni. Hapo ndipo palipoleta balaa lote, nami sitapapita mbio kama walivyopapita wazee wa siku hizo.

Alizaliwa analia. Mtaniambia watoto wote huzaliwa wanalia, lakini wengine hunyamaza wakipewa ziwa. Huyu alinyonya huku analia, akalala huku analia, mbuzi wakavunja zizi, nyuki wakahama mizinga, na wawindaji waliokuwa bondeni wakarudi nyumbani wakidhani pana msiba. Sasa kwetu, mtoto akilia namna hiyo ni marehemu wa ukoo anataka kuitwa tena duniani, na dawa yake ni wazee kukaa naye na kumtajia majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka walifikie lile analolitaka. Likitajwa, hunyamaza, na jina lake ndilo hilo.

Basi akaja Mzee Semvua, mkuu wa ukoo, mtu wa ndevu na maneno, akaanza kwa sauti ya kutikisa paa. Akamtaja Semkiwa, babu mzaa baba. Mtoto akalia. Akaruka hadi kwa Mgunya Muua Nyati. Mtoto akalia. Wakapita waita mvua, wakapita wafua chuma, wakapita hata wale ambao hakuna aliyejua walifanya nini duniani zaidi ya kuzaa. Semvua akaona afanye ujanja, akalichomeka jina la marehemu baba yake mwenyewe, na mtoto akalia hadi akatapika. Jambo lile Semvua hakulisahau.

Mtu mmoja alijua kosa liko wapi, naye ni Nakiete, bibi wa mtoto, mjane wa Semkiwa. Kila Semvua alipotoka kwa Semkiwa akarukia kwa Mgunya, Nakiete alikohoa. Kwa maana kati ya hao wawili palikuwa na mtu, baba yake Semkiwa, ambaye siku ya vita vya mtoni alitupa ngao yake akakimbia, na wanaume wa Kerwa, hasa wale ambao vitani hawakwenda kabisa, wakaona aibu wakala kiapo kwamba hatatajwa tena. Wanaume, basi, hawakutaka kumtaja, na Nakiete hakuruhusiwa, kwa kuwa yule alikuwa mkwewe, na kwetu siku hizo mke hakutamka jina la baba mkwe, awe hai awe kaburini. Aliyelitamka alirudishwa kwao siku hiyohiyo. Na kwao Nakiete hapakuwa na mtu tena, palikuwa na magugu tu. Kwa hiyo alikohoa, na wazee kwa huruma wakamletea asali.

Majina ya nyumbani yalipokwisha, wakaenda kuazima ya majirani. Wakaja wachimba chumvi wa bondeni, ambao humwita mtoto kwa jambo lililotokea siku aliyozaliwa, wakampa jina refu linaloeleza kwamba tembo amekanyaga mtama wa shemeji, na mtoto akalia tangu mwanzo wa jina hadi mwisho wake. Wakaja wafuga ng'ombe wa ng'ambo ya mto, ambao mtoto wa kiume humpa jina la fahali bora wa baba yake. Hapo mtoto alinyamaza, watu wakashika pumzi, kumbe anatafuta chafya. Wakapita wauza shanga kutoka pwani, wenye majina ya mitume na ya siku za juma, majina matamu, na kila mmoja wao akaeleza maana ya jina lake na nani alimpa na kwa nini, mpaka Nakiete akajikuta anatokwa na machozi, maana watu wote wa dunia walijua majina yao yametoka wapi isipokuwa mjukuu wake.

Ndipo Semvua akatoa tamko, akipaza sauti ili asikike: mtoto atakayefika mavuno hana jina hana ukoo, na baada ya mavuno huyu atapewa wafuga ng'ombe, wamlee ng'ambo ya mto, mbali. Nakiete akamfuata Semvua nyumbani kwake, akamweleza habari za mtu yule kwa kila njia aliyoweza bila kutaja jina: baba wa mume wangu, mwana wa Mgunya, yule wa ngao. Semvua akatazama dari, akauliza kama asali imekwisha.

Mavuno yakaja, na wafuga ng'ombe wakaja, wametia nta masikioni. Mama wa mtoto alikuwa amekaa chini hawezi kusimama, na Mgaya, baba yake, alikuwa ameshika mlango kama vile mlango ndio utaanguka. Nakiete alimtazama mtoto, akawaza magugu ya kwao, akaogopa sana, kisha akaenda kusimama katikati ya njia.

"Huyu anaitwa Lukindo," alisema.

Kwanza watu hawakuelewa kimetokea nini. Halafu wakasikia ndege, wakasikia uji unatokota, na mzee mmoja akasikia magoti yake mwenyewe. Lukindo alimtazama bibi yake, akapiga mwayo.

Semvua akasimama, akamwambia Nakiete amevunja mwiko wa mkwe na afungashe arudi kwao. Hakumaliza. Mtoto alifumbua kinywa na mlima ukatetema. Semvua akanyamaza, mtoto akanyamaza. Semvua akajaribu tena, kwa kunong'ona, na mtoto naye akaanza tena, wala si kwa kunong'ona. Watu wakaanza kucheka, hata wale wenye nta masikioni.

"Mnasema alikimbia," Nakiete akasema. "Alikimbia kweli. Walioshika ngao walikufa na kijiji kikachomwa, na yeye akakimbia amembeba mwanawe mgongoni na mtoto wa ndugu yake kwapani. Wa mgongoni alikuwa mume wangu. Wa kwapani alikuwa baba yako, Semvua."

Semvua alikaa. Ndevu zimelala kifuani, akalitamka jina lile kwa shida, likamkwama, akakohoa, akaomba asali. Wafuga ng'ombe wakarudi kwao mikono mitupu, na Kerwa nzima ikalala mpaka jua likachwea na kuchomoza tena.

Huyo ndiye Lukindo tunayemsimulia, ambaye alikua akawa mkubwa wa mwili, wa sauti na wa mbio, na siku maadui walipojaa bondeni kama siafu, na vijana wakaokota ngao ili wafe vizuri, yeye alipanda mwamba akanguruma neno moja tu: kimbieni. Akambeba bibi yake Nakiete mgongoni na Mzee Semvua kwapani, ndevu zikiburuzika ardhini, akatangulia, na maadui walipofika walikuta uji ungali moto na hakuna wa kumwua. Alikimbia hadi hapa. Alipomtua bibi yake, ndipo tulipochimba kisima, na ndiyo maana kisima chetu hakiko katikati ya mji.

Uzeeni, asubuhi moja, alinyoosha miguu, akaaga, akaondoka mbio kuelekea Kerwa. Vijana walimfuata hadi wakachoka, na hakuna aliyemwona tena.

Ila hadi leo mtoto wa Wambeso akilia kupita kiasi, wanaume hukusanyika kutaja waliotangulia, mashujaa na waliotupa ngao, na nyuma yao tunamweka bibi kizee mmoja, mke aliyeolewa katika ukoo wa mtoto, anayeruhusiwa kutamka jina lolote. Wakiruka mtu, anakohoa. Na hapewi asali. Wanarudi nyuma kumtaja.