Mtamba wa Anjelina

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina swali lililonishinda, na siwezi kuwauliza kabla hamjawafahamu watu wake.

Mjini Njombe, kwenye baridi na manyunyu, walikuwako watu watatu waliofungua karakana ndogo ya kuchapa jezi. Leokadia alijaliwa macho. Ukimwonyesha nyekundu mbili ambazo wewe unaziona moja, atakuambia ipi imeiva na ipi bado. Obadia alijaliwa vidole. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na kitambaa kilimweleza siri zake akikigusa tu. Zuhura hakujaliwa macho wala vidole. Yeye alijaliwa ubishi. Neno "haiwezekani" halikumwingia kabisa.

Kazi yao ilikuwa hivi: picha huchapwa kwenye karatasi kwa wino maalumu, karatasi hulazwa juu ya nguo, kisha mashine ya joto kali huvibana pamoja mpaka wino ugeuke mvuke na kuzama ndani ya uzi. Ikienda vizuri, picha haibanduki wala haipauki. Ikienda vibaya, nguo imeharibika, basi tena.

Asubuhi moja akaingia Bi Otilia, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Lupembe.

"Kamwene, wanangu."

"Kamwene, mama. Karibu."

Akaweka picha mezani: mwanamke mwenye filimbi shingoni, anacheka. "Huyu ni binti yangu, Anjelina. Ndiye aliyeanzisha timu ya wasichana kule kwetu, akaifundisha mpaka kifo kikamchukua na msimu haujaisha. Sasa wasichana wameingia fainali, Jumamosi. Wameambiwa wasipovaa jezi za kufanana hawachezi. Nataka jezi hizo ziwe na uso wake kifuani."

"Utazipata, mama," Zuhura akajibu, wenzake hawajafungua hata kinywa.

Zuhura mwenyewe akaenda sokoni kununua kitambaa. Walipochapa, Anjelina akatokea amepauka, kama mtu anayetazamwa kupitia ukungu. Obadia akapandisha joto, akaongeza na muda. Bado. Walipoifua nguo ile, nusu ya uso ikaondoka na maji.

Obadia akaisugua nguo kati ya vidole. "Hii si poliesta tupu," akasema. "Imechanganywa na pamba." Akachomoa uzi, akauwashia kiberiti. Uzi wa poliesta huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Huu uliacha majivu na harufu ya karatasi iliyoungua. "Wino wetu haushiki pamba. Tutachapa mpaka tuchoke."

Zuhura akainamisha kichwa. "Ni mimi niliyenunua."

Obadia hakumlaumu. Alivaa koti, akadandia lori la mbao mpaka Makambako, akapita duka baada ya duka akipapasa majora na kuyarudisha. Alirejea amelowa chapachapa, lakini jora lilikuwa kavu ndani ya nailoni. Lilikuwa limebaki moja tu, la kutosha kwa shida.

Wakachapa tena. Safari hii rangi zilishika, ila nywele nyeusi za Anjelina zikatoka kahawia.

"Wino umeharibika," Obadia akasema, akaanza kufungua printa ili aumwage.

Leokadia akamshika mkono. "Subiri kwanza, kaka." Akaipeleka nguo mlangoni penye mwanga, akaiinamia kwa muda mrefu. "Pembeni nyeusi ni nyeusi. Kahawia iko katikati tu, na hapohapo kitambaa chenyewe kimeanza kuwa njano. Wino ungekuwa mbovu, ungekuwa mbovu kote. Hapa tunaunguza."

Ndipo Obadia alipokumbuka kwamba lile joto alilolipandisha kwa ajili ya kitambaa cha kwanza hakulishusha. Na wino ule, laiti ungemwagwa, mwingine hawakuwa nao. Wakashusha joto, Leokadia akawa analinganisha kila kipande na picha, "punguza kidogo, kidogo tena," mpaka nywele zikarudi kuwa nyeusi.

Wakadhani wamemaliza. Lakini kesho yake manyunyu yalitanda mji mzima, na kila walichochapa kilitoka na madoa kama matone ya mvua. Tena uso ulitoka mara mbili: wenyewe, na kivuli chake pembeni. Bi Otilia alikuwa amekuja kutazama. Aliishika nguo kwa mikono miwili.

"Anjelina alikuwa na uso mmoja," akasema taratibu, akatoka nje.

Obadia akakaa chini. "Kitambaa kinakwisha. Tumwambie mama ukweli, imeshindikana." Leokadia naye akakaa kando yake, akaitikia kwa kichwa.

"Ninyi mmeshindwa," Zuhura akasema. "Mimi bado."

Akakusanya vipande vilivyoharibika, akawa anachapa kwenye sehemu zilizobaki nyeupe, akibadilisha jambo moja tu kila mara. Akabadili karatasi: madoa yaleyale. Akalegeza mkandamizo: madoa. Akakibana kitambaa kitupu kwanza, kabla ya kuweka karatasi. Mvuke ukafuka, na madoa yakatoweka. Kumbe kitambaa kilikuwa kinakunywa unyevu wa hewa! Kivuli kikabaki. Akaishikiza karatasi kwa tepu isiyoyeyuka, kikapungua. Mwisho akaitazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa anainua mashine kwa pupa, karatasi inaruka wino ungali mvuke. Akainua polepole. Akabandua.

Uso ulikuwa mmoja.

"Mama!" akaita. "Mama, ingia umwone!"

Jumamosi wasichana walicheza kwenye tope na mvua, uso wa Anjelina ukiwa kifuani mwa kila mmoja, na hakuna rangi iliyotoka. Walishinda kwa bao la kichwa. Bi Otilia alisema, "Leo mwanangu amecheza namba zote."

Siku chache baadaye akafika karakanani akimvuta mtamba, ng'ombe jike mchanga mwenye afya. "Huyu alikuwa wa Anjelina. Nampa aliyemrudisha mwanangu uwanjani. Lakini nampa mtu mmoja. Ng'ombe wa watu watatu hufa njaa. Kila mmoja hudhani mwenzake amemkatia majani."

Obadia akasema, "Mama, bila kitambaa nilichokileta, uso ungechapwa wapi?"

Leokadia akasema, "Kitambaa kilikuwepo, na kaka alikuwa anamwaga wino. Tena mimi ndiye pekee ambaye sikuharibu kitu."

Zuhura akasema, "Na mlipokaa chini wote wawili, nani alibaki amesimama?"

"Kitambaa kibovu alinunua nani?" Obadia akauliza.

"Mimi. Joto je, nani alilisahau?"

Bi Otilia akawatazama mmoja mmoja, kamba bado mkononi.

Basi nanyi mliosikiliza, semeni bila kumwonea mtu: kamba hiyo ingekuwa mkononi mwenu, mngemkabidhi nani?