Firigisi ya Bata Mzinga wa Nakundwa

Mgawaji hajipakulii, hupakuliwa. Bibi Nakiete aliusema msemo huo jikoni siku ya Krismasi, pale mjukuu wake Kirita alipokabidhiwa upawa wa kuwapakulia wenzake, na kitu cha kwanza akajiwekea mwenyewe paja zima. Kirita alicheka kwa aibu, akalirudisha sufuriani. Vijana wenzake wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Bibi, ambaye hajawahi kuombwa hadithi akakataa, alivuta kigoda akakaa, akawaambia kuwa yalianzia katika nyumba moja ya huko milimani Upare, na yalianzishwa na ndege mmoja mwenye maringo.

Mwenye ndege huyo aliitwa Nakundwa, kitindamimba wa Mzee Kangero. Aliolewa bondeni, ndoa ikamshinda, akarudi kwao na sanduku moja. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna pia aliyemwambia karibu kwa sauti ya kusikika. Mtu akiwa katika hali hiyo hujifunza kuamka wa kwanza na kukaa karibu na mlango.

Sasa, katika ukoo ule mbuzi wa Krismasi alikuwa na katiba yake. Kidari cha mama, mkono wa mbele wa mjomba, mapaja ya wana wa kiume, ini la wajukuu, na shingo ya yule aliyeshika kisu. Binti aliyeolewa hakuwa na fungu, kwa kuwa fungu lake lilimngoja kwa mumewe. Na binti aliyerudi? Huyo katiba haikumtaja. Ila Mzee Kangero ndiye aliyekuwa mkataji, na kila Krismasi alichukua shingo yake, akaigawa, nusu akaiweka kwenye sahani ya Nakundwa. Kwa kipande kile Nakundwa alijua kwamba bado ana kwao.

Kisha mwaka mmoja Mzee Kangero alifariki. Mbuzi wote waliishia msibani, na Krismasi ilipokaribia, zizini hakukuwa na kitu isipokuwa harufu. Kiumbe pekee aliyebaki uani ni bata mzinga wa Nakundwa. Baba yake alimnunua gulioni akiwa kifaranga cha kuhurumiwa, akampa binti yake na kumwambia, “Mtu akiwa na cha kufuga, ana sababu ya kuamka.” Nakundwa akamlea kwa pumba na mabaki ya makande, mpaka akawa dume lenye kifua mbele, likiwafukuza watoto hadi mlangoni. Ndiye huyo ambaye Nakundwa alimtoa achinjwe. Mama yake, Nanzia, alimwuliza kama ana hakika.

“Aliyemnunua ni baba,” Nakundwa alijibu. “Acha atulishe wote mara moja zaidi.”

Lakini ndege, awe kuku au bata, ana firigisi, na firigisi katika nyumba ile ilikuwa ya baba mwenye nyumba. Haikuliwa na mtu mwingine hata kwa utani. Na sasa mwenye nyumba alikuwa nani? Mbonea, kifungua mimba, alikuja kutoka Dar es Salaam akijua ni yeye, maana ndiye mkubwa na ndiye aliyewasomesha wadogo zake. Eliamani, wa pili, naye alijua ni yeye. Hakuwahi kuondoka pale, na ndiye aliyemuuguza baba na kumbeba mgongoni mpaka zahanati. Tangu msibani ndugu hao walikuwa wakisalimiana kwa kikohozi. Firigisi ni moja tu, wanangu, na bata mzinga hata awe mkubwa vipi hana ya akiba.

Kumpika kulikuwa kazi ya kutoa jasho. Alifunikwa kwenye sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Shingo haikuenea, kwa hiyo Nakundwa aliikata mapema akawachemshia watoto supu. Wakainywa, na shingo wakaitafuna yote. Hakuwaza zaidi ya hapo. Mikono yake ilikuwa inapika ndege, na katiba ilikuwa ya mbuzi.

Sinia lilipowekwa mezani, Mbonea alinyoosha mkono kuchukua kisu, na Eliamani akanyoosha wake. Mama Nanzia akawahi kabla yao.

“Leo atakata mwenye ndege,” alisema, akampa Nakundwa.

Nakundwa alisimama na kisu mkononi. Kabla hajaanza, Mjomba Senkondo alikwishasogeza sahani.

“Mpwa wangu, mkono wangu wa mbele uko wapi?”

“Mjomba, huyu hana mikono. Ana mabawa.”

“Basi bawa ni mkono uliovaa koti. Lete.”

Watu wakacheka, na kicheko kile kikampa nguvu. Alimkatia mjomba bawa zima. “Ahsante, mjomba. Ulinifuata bondeni ukanibebea sanduku.” Kidari akampa mama yake kwa mikono miwili, mama akaitikia kwa kichwa. Wake za kaka zake akawachagulia minofu minene. “Ahsanteni, wifi zangu. Hamjaniuliza hata siku moja nitaondoka lini.” Ini akalikatakata, kila mtoto akapata lake. Kaka zake akawapa paja kila mmoja. Kisha ikabaki firigisi, na macho yote yakawageukia kaka zake wawili.

Aliikata katikati.

“Kaka Mbonea, ulitusomesha. Kaka Eliamani, ulimbeba baba. Mimi sijui mwenye nyumba ni yupi. Ninachojua ni kwamba nyumba hii ilinipokea kwa sababu yenu wote wawili, na nawashukuru.”

Kila mmoja akaitazama nusu yake. Nusu firigisi ni kama nusu kofia, haimfai mtu. Hakuna aliyeigusa.

Mama Nanzia akaingilia kati. “Haya, mkataji, chukua shingo yako tule.”

Nakundwa alitazama sinia. Palikuwa na mafuta, vitunguu na mifupa ya mgongo.

“Bibi, shingo tulikula asubuhi,” mtoto mmoja akasema.

“Mimi nimeshiba harufu, mama. Mpishi hana njaa,” Nakundwa alisema, akaketi na kuficha mikono mapajani. Hakuumia kwa ajili ya nyama. Alikuwa ameikumbuka ile nusu ya shingo, na mkono uliokuwa ukiileta, na aliona wazi kwamba mkono ule umezikwa pamoja na nafasi yake. Alikaa mbele ya sahani tupu, ameulisha ukoo mzima, na alijisikia mgeni.

Mbonea ndiye aliyekuwa ameketi mkabala naye. Miaka yote alikuwa ameiona ile nusu ya shingo ikipita mezani, naye hakuwahi kuitilia maanani. Siku ile aliielewa. Akainuka, akachukua nusu yake ya firigisi, akaiweka kwenye sahani ya dada yake.

“Baba hakukuacha na sahani tupu,” alisema.

 Eliamani naye akachukua nusu yake, akailaza kando ya ile ya kwanza. Vipande viwili vikagusana, na firigisi ikawa nzima tena. Mjomba Senkondo akanyofoa ncha ya bawa akisema asije akaitwa mchoyo. Mama akamega kidari chake, wifi zake wakafuata, hata watoto wakatoa vijipande vya ini vilivyokwisha kulambwa. Sahani ikajaa kuliko zote.

Nakundwa alilia, na hakujificha. Akasema ahsanteni, akaila ile firigisi mbele ya watu, mwanamke wa kwanza kuila katika nyumba ile. Eliamani akamgeukia Mbonea.

“Kaka, nisogezee pilipili.”

Na Mbonea akamsogezea. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu matanga. Mama Nanzia aliwatazama wanawe, akaitazama sahani ya binti yake, akatamka maneno ambayo hata nyinyi mmeyarithi.

Bibi Nakiete aliwaangalia vijana, jicho likatua kwa Kirita. Akasema watu wengi siku hizi hushika nusu ya kwanza tu, wakaitumia kuwakaripia watoto wenye pupa, kama alivyofanya yeye mwenyewe muda mfupi uliopita. Lakini mama yule hakuwa anamkaripia mtu. Alikuwa anashukuru.

Mgawaji hajipakulii, hupakuliwa.