Nakiete na Mpaka Wenye Kona Nyingi

Nikisema "Zamani," nyinyi mnajibu, "Sisi bado." Haya.

Zamani!

Sisi bado!

Bado, tena bado sana. Hata bibi yangu mimi alikuwa hajafikiriwa. Enzi hizo huku milimani Upare palikuwa na msitu, na msitu ulikuwa wa wote, na kwa kuwa ulikuwa wa wote kila mtu aliusema vibaya. Mtawala wetu aliitwa Mfumwa Sengondo. Alikuwa na kitambi cha heshima, na hakusema neno bila kwanza kusafisha koo. Siku moja akapanda mnunuzi kutoka nchi za chini, Bwana Mwinyikombo, akautazama msitu ule juu hadi chini. Akasema anautaka, miti na kila kilichomo, na kila nyumba ataipa jora la kaniki.

Baraza likaitwa. Mzee Kajiru akasimama wa kwanza, kama kawaida yake.

"Msitu umekaa bure," akasema. "Haulimwi, hauliwi. Tangu nizaliwe sijaona faida yake."

"Kweli kabisa," akadakia mkunga Nambike. "Kaniki inavaliwa. Msitu nani anauvaa?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakauza. Ndiyo, wajukuu zangu, kwa haraka hivyo. Mambo ya wote huamuliwa haraka, ili watu wawahi kula.

Sasa nyuma kabisa alikaa Nakiete, mfinyanzi. Alikuwa mjane, hana shamba, na kijumba chake kilikuwa kimeegemea ua wa kaka yake. Udongo wa vyungu vyake ulitoka kwenye kibonde kimoja katikati ya msitu. Alishajaribu udongo wa kwingine, ukapasuka motoni. Msitu ukienda, vyungu vimekwenda, naye angebaki kula kwa wifi yake. Na wifi mwenyewe alikuwa wa kuhesabu matonge. Nakiete akanyanyuka aseme.

"Khm," akafanya Mfumwa. "Nakiete, vizuri umesimama. Wewe ndiye utakayepanda masale."

Masale mnayajua, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani. Zamani zile mpaka ulipandwa na mtu asiye na shamba, maana hapakani na yeyote, hana wa kumpendelea. Anapanda pale mwenyeji aliposimama na kusema "hapa". Hakatai. Hajitengei kitu. Na sale likishaingia ardhini haling'olewi hata na Mfumwa. Mnaona? Aliyepewa kazi hiyo alikuwa amenyang'anywa mdomo.

"Ni heshima kubwa," akasema Mfumwa.

"Asante, Mfumwa," akasema Nakiete, kama mtu aliyezawadiwa kuku mgonjwa.

Kesho yake asubuhi, kabla hajakata hata sale moja, Mzee Kajiru huyo mlangoni.

"Mwanangu," akanong'ona, "pale kwenye mizinga yangu, pinda kidogo."

"Mizinga si imo msituni, baba?"

"Mizinga ni mizinga, msitu ni msitu. Njoo, nitasimama mwenyewe. Ila usimwambie mtu."

Akaenda, akasimama, akasema "hapa". Nakiete akapanda. Afanyeje? Msitu wa wote, kila mtu mwenyeji.

Kurudi, akamkuta Nambike. "Shoga yangu, mizizi yangu ya dawa ya wazazi. Mimi peke yangu, lakini." Nakiete akapanda. Mzee Mrindoko akataka pa kufichia mbuzi wakati wa kiangazi, kiangazi tu. Nakiete akapanda. Mwingine alitaka njia ya ukweni, mwingine mti wa kuchongea kinu, mwingine hakusema anataka nini ila alisimama, akasema "hapa", akaondoka. Nakiete akapanda, akapanda, siku mbili akapanda. Kila mmoja ni yeye peke yake, na kila mmoja asiambiwe mtu. Wewe unayecheka, mama yako naye angekwenda.

Siku ya tatu kijiji kizima kikatoka kumwonyesha mnunuzi mali yake. Hawajafika mbali, Mwinyikombo akasimama.

"Mbona hapa mpaka unapinda?"

"Alisimama Mzee Kajiru," akasema Nakiete.

Watu wakamgeukia Kajiru. Kajiru akautazama mti uliokuwa mbali sana.

"Si wewe uliyesema hujaona faida?" akauliza Mwinyikombo.

"Faida sikuiona. Asali niliiona."

Wakaenda, wakapinda. "Na hapa?" Nambike akasema ni mizizi tu, kidogo. Kidogo kiasi gani? Akaonyesha mteremko mzima. Wakaenda, wakapinda, mpaka hakuna aliyebaki wa kumcheka mwenzake.

Mwisho wakafika kwenye kilichobaki. Ni kile kibonde cha udongo, na juu yake jiwe pana. Basi. Nakiete akasimama na sale la mwisho mkononi. Pale wote walikuwa wamenunua vyungu vyake, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka vinakotoka. Yeye mwenyewe kusema "hapa" haruhusiwi.

Mwinyikombo akapanda juu ya jiwe, akapangua majani. Chini yake palikuwa na mkeka, kiegemeo cha kichwa, na kibuyu cha pombe.

"Huo si mkeka wangu?" akauliza mke mkubwa wa Mfumwa. "Ulioniambia umeliwa na mchwa?"

"Khm. Hapa ndipo ninapozungumza na wahenga."

"Ukiwa umelala?"

"Wengine huja ndotoni."

Jamani, ndege waliruka kwa kicheko kile. Mfumwa peke yake ndiye aliyekuwa hajaenda kubisha kwa mjane. Cheo kilimkataza.

"Nakiete," akasema polepole.

"Abee, Mfumwa."

"Pinda kidogo."

"Mpaka usimame, Mfumwa, useme."

Akashuka na kitambi chake mbele ya watu wote. Akavuka kibonde kizima, akaenda mbali kabisa, ili mtu asije akamsikia akikoroma.

"Hapa," akasema.

Nakiete akapanda. Akalishindilia udongo kwa kisigino.

"Sasa mimi mmeniuzia nini?" akauliza Mwinyikombo. Alicheka mpaka akaketi kwenye mkeka wa watu. "Haya, kaniki zangu narudi nazo. Niuzieni asali. Na wewe mama, niuzie chungu cha kuibebea."

Ndiyo maana, wajukuu zangu, mtu akiwaambia kitu cha wote kimekaa bure, msibishane naye. Muulizeni tu yeye huwa anafuata nini humo.

Nami nimeishia hapo. Wa mbele asukume mlango, wa nyuma aufunge.