Mlango wa Chumba cha Kumi na Mbili

Wametusimulia waliotutangulia katika wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani, nchi ya Sham, palikuwa na nyumba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya wagonjwa ambao matabibu wameishiwa na maneno juu yao. Haikuwa mahali pa kulazwa mtu apone kisha aende zake. Ilikuwa makazi. Mwenye ukoma aliishi humo, na mwenye kifua kilichochoka, na aliyepooza upande, kila mmoja na chumba chake, na jiko lao likiwa moja uani.

Aliyeijenga ni Bibi Umaima bint Khalafu, Mola amrehemu. Mumewe aliugua miaka tisa, na katika miaka hiyo walihama nyumba kumi na moja. Mnajua tulivyo sisi wanadamu. Mgonjwa wa siku tatu kila jirani humpelekea uji, wa miezi mitatu huulizwa hali yake msikitini, na wa miaka tisa huulizwa atahama lini. Na kila walipohamia, mlango wao uligeuka njia ya kila mtu. Mwenye nyumba aliingia kutazama kama godoro limechafuka, tabibu akaingia na wanafunzi wake, na jirani akaleta wageni wake wamwone mtu aliyepewa mtihani. Mumewe alipokaribia kuaga dunia alimwambia, "Umaima, ugonjwa nimeuzoea. Kuingiliwa chumbani ndiko kulikonishinda."

Basi alipoijenga nyumba ile ya vyumba kumi na viwili, Bibi Umaima aliandika masharti mawili katika hati ya wakfu. Kwanza, kila mkazi atashika ufunguo wa chumba chake, na hataingia humo mtu yeyote, mdogo wala mkubwa, ila kwa adabu ile waliyofundishwa waumini: atoe salamu mara tatu, akikaribishwa aingie, akiambiwa rudi arudi. Na sharti la pili, kila alfajiri baada ya sala, mkazi atagonga ukuta wa jirani yake, na jirani atajibu, kisha atagonga wa jirani yake mwingine, mpaka mlio uzunguke nyumba. Ukuta usipojibu, hapo ndipo mtunzaji atafungua kwa ufunguo wa akiba, kwani huenda mtu ameanguka, au ameitwa na Mola wake. Hivyo hakuna aliyeingiliwa, wala hakuna aliyekufa akasahaulika. Mimi hustaajabu sana kila nikiifikiria akili ya mama yule.

Zama za kisa hiki mtunzaji alikuwa Nufaili bin Hubaishi, mtu wa sala na saumu, mwenye huruma nyingi na hofu nyingi pia. Mwaka huo mvua iliangusha paa la upande wa kaskazini. Vyumba vitano vilibaki wazi. Kimoja, cha kumi na moja, kilikuwa kitupu tangu mkazi wake alipofariki, na wagonjwa wanne wa vyumba vingine wakahamia jikoni, wakilala baina ya masufuria. Mmoja wao, Bibi Hunaida, ndiye aliyekuwa na kifua, na moshi ulimkata pumzi. Theluji ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Miti ya kuezekea ilikuwa ya msitu wa dola, na hakuna aliyethubutu kukata hata ufito ila kwa idhini ya Wali, mtawala wa mji. Nufaili alimwandikia barua tatu.

Baada ya barua ya tatu, Wali alikuja mwenyewe. Jina lake Mundhiri bin Aswamu, mtu mrefu, mchache wa maneno, akifuatana na katibu wake na askari wawili. Nufaili alimkalisha uani akamletea supu ya dengu iliyotoka motoni wakati ule ule. Yeye alilibeba bakuli kwa kitambaa, lakini Wali alilipokea akaliweka juu ya kiganja kitupu cha mkono wa kushoto, akawa anakula taratibu kwa mkono wa kulia, na uso wake haukubadilika. Nufaili akasema moyoni, hakika watawala wameumbwa kwa udongo mwingine. Alikosea, kama mtakavyosikia.

Alipomaliza, Wali akasema, "Habari ya miti nimeisikia. Kwanza nataka kumwona mwenye ukoma anayekaa humu. Nataka kukiona chumba chake, anavyolala na anavyokula."

Mwenye ukoma alikuwa mmoja tu, Sabiqu bin Lahiqu wa chumba cha kumi na mbili. Zamani alikuwa fundi wa kupaka chokaa, na nusu ya misikiti ya mji ule iling'aa kwa kazi ya mikono yake, mikono ambayo sasa haikuwa na vidole. Asubuhi ile vidonda vyake vilikuwa vimefunguka, na Nufaili alilijua hilo. Hata hivyo aliwaongoza mpaka mlangoni, akasimama kando, akatoa salamu. Akatoa ya pili, akamtaja Wali na haja yake. Alipotoa ya tatu, sauti ya upole ilijibu kutoka ndani.

"Wa alaikumu salamu, ndugu yangu Nufaili. Mwambie Wali, Mola amlipe kwa kila hatua aliyopiga. Leo sina hali ya kuonekana na mtu. Naomba arudi."

Katibu alikunja uso. "Ewe mtunzaji, ufunguo huo ulio kiunoni mwako ni wa kazi gani?"

"Ni wa siku ambayo ukuta hautajibu."

"Basi sema hakujibu."

"Amejibu, bwana wangu, na sote tumesikia."

Katibu akapunguza sauti, akasema kama mtu anayempa mwenzake nasaha. "Una watu wanne wanalala jikoni. Mlango mmoja tu, mtazamo mmoja tu, na paa lenu linarudi. Huyu mmoja ana haki gani iliyozidi ya wanne?"

Ndugu zangu, msimdharau katibu, kwani swali lake si jepesi. Na kana kwamba halikutosha, wakati ule ule kikohozi cha Bibi Hunaida kilisikika kutoka jikoni, kirefu, mpaka wote wakakisubiri kiishe. Mkono wa Nufaili ulikwenda kwenye ufunguo. Wanasema alikwisha kuushika. Mimi ninayewasimulia sijui ningefanya nini pale, na nikisema najua nitakuwa nimewadanganya.

Kikohozi kilipokoma, Bibi Hunaida alisema kutoka kule kule alikolala, "Nufaili, mwanangu. Tuache na moshi wetu, umwache na mlango wake."

Nufaili akauachia ufunguo. Akamgeukia Wali, akasema, "Mola akuhifadhi, Bwana Wali. Chumba hiki si changu hata nikufungulie. Mwenyewe amekuomba urudi."

Alingoja kupigwa, au kufungwa. Wali aliutazama ule mlango muda mrefu, kisha akageuka akaenda zake, na juu ya miti hakusema neno.

Siku tano zikapita, na asubuhi moja maji ya kisimani yalikutwa yameganda ukingoni. Nufaili alirefusha sijda zake, akimlilia Mola wake na kuuliza kama amewadhulumu wanne kwa ajili ya mmoja. Sabiqu naye alimwita akamwambia, "Akija tena mlete aingie. Nitafumba macho mpaka atoke."

Nufaili akamjibu, "Ukimkaribisha kwa kupenda, ataingia. Hiyo uliyonayo sasa ni hofu, na hofu haisemi karibu."

Siku ya sita Wali alikuja. Alikuja kwa miguu, peke yake, akasimama mlangoni pa chumba cha kumi na mbili, akatoa salamu mara tatu kwa kinywa chake. Sabiqu akamwambia, "Uniwie radhi, damu haijakauka." Wali akasema, "Mola akuponye," akarudi. Mtawala wa mji mzima, amerudishwa mara mbili na mtu asiye na vidole, na anaondoka anamwombea. Nufaili aliyaona hayo kwa macho yake.

Alipokuja mara ya tatu, sauti ilisema, "Karibu, nawe pia Nufaili." Mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Wali aliketi juu ya mkeka. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa nyeupe mpaka pale kiwiko cha mtu aliyekaa kinapofika, kwani Sabiqu aliipaka mwenyewe kwa kiwiko. Wali alikitazama, kisha akakunja mkono wa kushoto wa kanzu yake. Toka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko palikuwa na baka lililofifia. Na kiganjani palikuwa na kovu bichi la kuungua, la mviringo, sawasawa na kitako cha bakuli. Nufaili alilitambua bakuli lake. Akakumbuka alichosema moyoni siku ile, akaomba maghufira.

Wali akasema, "Huu ni mwaka wa pili. Anayejua ni mke wangu, na Mola wangu. Nimekwenda miji mitatu kutafuta mahali nitakapokaa siku ukoma wangu usipofichika tena, na kila nilipofika walinifungulia vyumba kwa kuwa mimi ni Wali. Niliona watu wakijifunika nyuso kwa mablanketi. Nikasema, hivi ndivyo nitakavyofunguliwa mimi, akija mkubwa mwingine. Hapa nimekuja na askari, na miti mnayoililia iko mkononi mwangu, na mlango haukufunguka. Usiku wa siku ile nililala, Sabiqu, usingizi niliokuwa nimeusahau."

Nufaili hakujizuia. "Na miti, Bwana Wali?"

"Idhini niliiandika siku ile ile niliporudi. Wakataji wako msituni tangu hapo. Kesho magogo yatafika."

Nufaili alitoka akasujudu pale pale uani, juu ya baridi, mpaka Bibi Hunaida akamwita kuuliza kama ameanguka.

Sabiqu alikuwa akilia bila kuficha. Kisha akasema, "Chumba cha kumi na moja hakina mtu. Tangu jirani yangu afariki, nimeendelea kuugonga ukuta wake kila alfajiri kwa mazoea tu."

Paa likainuliwa, na wanne wakarudi vyumbani mwao kabla ya theluji. Mundhiri bin Aswamu aliacha uwali, akaeleza sababu yake hadharani msikitini, akaja na mkewe na sanduku moja, akapewa ufunguo kama wengine. Alfajiri ya kwanza Nufaili alisimama uani akisikiliza. Alimsikia Sabiqu akigonga ukuta kwa kiwiko. Kimya kikawa kirefu, mpaka Nufaili akagusa ufunguo wake. Kisha upande wa pili ukajibu, kwa nguvu kupita kiasi, kama agongavyo mtu ambaye mkono wake hausikii unachokigusa. Sabiqu akacheka kwa sauti, na mlio ukaizunguka nyumba yote.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu anamjua mtu mwenye maradhi marefu. Pengine tunampelekea chakula, na Mola atupokelee. Lakini tujiulize tulipokwenda mara ya mwisho tuliingiaje kwake. Ewe Mola, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaobisha hodi, na wanaongoja kuitikiwa. Amin.