Majina Saba Ndani ya Jalada

Mwanamke mmoja alikuwa na kitabu kilichoijua siri yake. Jina lake Melania, mjane, mshona nguo, na siri yenyewe ni hii: binti yake Skola alirudi nyumbani siku ya mvua akiwa na mimba, naye mama akakataa kumfungulia mlango. Msichana akaenda kujifungulia kwa watu, akafia huko, yeye na mtoto. Watu walimpa Melania pole ya msiba. Habari ya mlango hakuna aliyeijua. Aliibeba peke yake miaka sita, na mzigo wa namna hiyo, ndugu zangu, hauna pa kuutua.

Kisha akakipata kitabu hicho. Katika sura ya saba mama mmoja anamfungia mwanawe mlango, halafu anayasema kwa kinywa chake yale ambayo Melania hakuweza kumwambia hata padri. Alikisoma mpaka jalada likang'oka.

Sasa, Melania alikuwa katika kikundi cha wasomaji, watu wanane, waliokutana kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa parokia. Kilichangamka kikundi kile! Chai, karanga, vicheko, ubishi mpaka wapita njia wanachungulia dirishani. Desturi yao ilikuwa hivi: anayekipenda kitabu anakileta, kinazunguka, na kila anayekimaliza anaandika jina lake ndani ya jalada la nyuma, kisha anasimama kukinadi kwa yule anayefuata. Melania akanunua nakala mpya, akawapa kama ilivyotoka dukani. Hakueleza lolote. Alichotaka ni mtu mmoja tu, ambaye akishaisoma sura ya saba atakuja nyumbani, akae karibu na cherehani, amtazame usoni. Hata asiposema kitu, angalau kuna mtu atakuwa anajua.

Kitabu kikazunguka miezi saba. Fidea alisimama akasema kimemliza usiku kucha. Mwalimu Kasiani akasema hajapata kuona kitabu chenye mafunzo kama kile, akapigiwa makofi. Kila kilipopita mkono kilisifiwa zaidi, na kila jioni Melania aliuacha mlango wake wazi, akasubiri. Hakuja mtu. Akawaza moyoni: wamenijua, na wamenichukia. Akaanza kukonda. Akaanza kuyakwepa macho yao, nao wakamtania kwamba uzee unampigia hodi.

Kitabu kiliporudi kilikuwa na majina saba. Akakifungua kwenye sura ya saba. Kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana ukingoni, kwa sababu kisu cha kiwandani kiliziruka siku kitabu kinatengenezwa. Hakuna mkono uliozitenganisha. Wote saba, jamani! Wametokwa na machozi kwa maneno ambayo hawakuyaona. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hawa waliishia kibarazani, wakasifu rangi ya ukuta.

Hasira zikampanda. Yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa kabati la kikundi, basi akaenda ukumbini peke yake kuvikagua vitabu vingine, apate ushahidi, awaumbue wote Jumamosi. Cha kwanza kumjia mkononi kilikuwa cha Otmari, fundi baiskeli, mwenzao aliyezikwa mwaka uliopita baada ya pombe kummaliza. Kilikuwa kitabu cha mlevi mmoja. Alikumbuka jinsi walivyokicheka na kukisifu, na Otmari mwenyewe akicheka nao. Akakifungua katikati. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya risasi, mkono wa Otmari ulikuwa umeandika: "Huyu ndiye mimi. Njooni nyumbani kabla sijaisha."

Akageuza mpaka jalada la nyuma. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Melania mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na tarehe chini yake.

Hakumuumbua mtu. Angeanzia wapi? Alikaa sakafuni akalia, na uchungu wake ulikuwa huu, kwamba hakubakiwa na wa kumwomba msamaha. Skola kaburini, Otmari kaburini, na walio hai hawakuwa wabaya kuliko yeye. Jumamosi alikwenda kama kawaida, akamenya karanga. Siku hiyo Fidea alileta kitabu kipya. Alikitoa mkobani akakiweka mezani, na mikono ilikuwa ikimtetemeka. Melania aliiona ile mikono. Alitaka kusema neno, lakini wenzake walipoanza kupiga makofi, naye akapiga.

Niambieni basi, ninyi mnaojisifu kwamba mnawajua rafiki zenu: ni yupi kati yao aliyekutia maisha yake mkononi, nawe ukayasifu bila kuyafungua?