Stelingi Aliyemwonea Gere Adui Wake

Hii nimeletewa na wifi yangu asubuhi. Nilicheka kwanza, halafu nikaisoma tena. Isome taratibu, kisha mpelekee yule ambaye jina lake litakujia ukifika mwisho.

Kusini mwa India, katika nchi ya Watamil, palikuwa na mwigizaji wa filamu aitwaye Thirumaran. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Ujanani alitoroka nyumbani akafuata kikundi cha maigizo kilichozunguka miji midogo, na humo akakutana na Ayyakannu. Walilala mkeka mmoja, wakala sahani moja, na walipokwenda jiji la Chennai kutafuta filamu, walikwenda pamoja.

Thirumaran alikuwa mzuri wa sura, akapewa ustelingi. Ayyakannu alikuwa na makovu ya ndui na macho makubwa, akapewa uadui. Ikawa hivyo miaka nenda rudi. Filamu inaanza, Ayyakannu anafanya maovu yake, Thirumaran anakuja kumtwanga, watu wanarudi makwao wameridhika. Nani asiyejua kwamba stelingi hafi?

Sasa, kule wana desturi yao. Siku filamu inapotoka, mashabiki husimamisha mbele ya sinema picha ya mwigizaji wao iliyochorwa kwenye mbao, ndefu kuliko paa. Huivika mashada ya maua, wakapanda ngazi, wakaimwagia maziwa kutoka kichwani hadi miguuni, kama wanavyoyaheshimu masanamu ya hekaluni. Thirumaran aliyapenda maziwa hayo kupita kiasi. Kila filamu yake ilipotoka alikwenda mji wa Madurai, akajifunga kilemba asitambulike, akakaa ndani ya gari kuangalia jinsi anavyomwagiwa.

Siku moja akiwa amejibanza humo, alimwona dereva wa bajaji akiipita picha yake bila hata kuinua macho. Yule bwana alikwenda hadi pembeni, kwenye picha ndogo ya Ayyakannu, akaimwagia birika zima.

Thirumaran akashusha kioo. "Ndugu, umekosea. Stelingi ni yule pale."

"Sijakosea," dereva akajibu. "Yule ni mzuri, nani kakataa? Lakini huyu akiingia tu, karanga zinanikwama kooni. Bila huyu, mimi tiketi sinunui."

Thirumaran akapandisha kioo. Mapipa na mapipa yalikuwa yamemwagwa kwa ajili yake, lakini roho yake iliganda kwenye lile birika moja. Ilimuuma kama jino bovu.

Jioni Ayyakannu akaja kwake mbio, kikapu cha peremende mkononi. "Kaka, umesikia? Mimi, adui, nimemwagiwa maziwa! Mke wangu kalia kwa furaha."

"Hongera, mdogo wangu," Thirumaran akasema. Peremende hakuigusa.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Ayyakannu akipigiwa makofi, yeye anakohoa. Ayyakannu akisifiwa gazetini, gazeti linakwenda kutandikwa kwenye banda la mbwa. Usoni anamchekea na kumwita mdogo wangu, moyoni donge. Alijiambia kwamba mtu huyu anataka kumpokonya nafasi yake, na kwamba asipomwahi, ustelingi utamtoka.

Ikaja filamu mpya. Ayyakannu aliigiza mwenye mashamba, mzee katili anayewatesa wakulima. Thirumaran alikuwa mkulima anayesimama kuwatetea. Kazi ya kupiga picha ilipokwisha na Ayyakannu akaenda kwao kupumzika, Thirumaran aliingia kwenye chumba cha kukatia filamu. Mwongozaji, bwana aitwaye Sundaresan, alimpisha kiti.

"Hapa anapochoma nyumba za wakulima," Thirumaran akasema. "Toa."

"Kaka, hapo sinema nzima itapiga kelele!"

"Ndiyo sababu. Toa."

"Na hapa anapomnyang'anya mjane shamba?"

"Macho yanatisha mno. Toa."

"Anapotia sumu kisima?"

"Hapo ndiyo kabisa!"

Sundaresan akashika kichwa. "Sasa atabaki na nini?"

"Kipigo. Aje, apigwe, afe. Watu wanalipa kuniona mimi."

Sundaresan alikuwa na watoto wa kulisha, na neno la stelingi mkubwa ndilo lililokuwa la mwisho. Alikata kama alivyoambiwa.

Filamu ilipotoka, Thirumaran alimwalika Ayyakannu waende kuitazama Madurai. Alitaka kumwona uso wakati makofi yanalia na hakuna hata moja lake. Wakakaa ghorofani, wamejifunga vilemba, sinema imejaa hadi kwenye vijia vya katikati ya viti.

Filamu ikaanza. Thirumaran alicheza, aliimba, alikimbia shambani na mchumba wake, na watu wakashangilia. Kisha akatokea Ayyakannu. Mzee mwenye mvi, amekaa barazani kwake, anakunywa kahawa. Thirumaran akaingia kwa teke la mlango, akamzaba kofi, kahawa ikaruka.

Hakuna aliyeshangilia. Kule kwenye kioo cha sinema kipigo kiliendelea. Mzee alikimbia, akakamatwa, akaburutwa kwa nguo hadi mtaroni. Ukumbi ulikuwa kimya kama maji mtungini.

Ndipo bibi mmoja akasimama kwenye viti vya mbele, akanyoosha kidole. "We kijana! Mwache! Huyo baba amekukosea nini?"

"Mwache!" wengine wakaitikia. "Mwache mzee wa watu!"

Mzee alipokata roho, wanawake walilia kwa sauti, wanajifuta machozi kwa ncha za sari. Wanaume wakavua kandambili wakaanza kuzirusha kwenye kioo, na zote zililengwa kwenye uso mzuri wa Thirumaran.

Kule ghorofani, Ayyakannu alikuwa haelewi. Alimgeukia mwenzake taratibu.

"Kaka, zile nyumba nilizochoma ziko wapi?"

Thirumaran akavuta kilemba kikamfunika macho.

"Na yule mjane? Na kisima?" Akamvuta mkono. "Kaka, ubaya wangu umeupeleka wapi?"

Alitazama kioo, akamtazama Thirumaran, akaelewa. Akainuka, akashuka ngazi peke yake.

Thirumaran alitokea mlango wa nyuma akiwa amejifunika uso. Aibu ilimshika, na chini ya aibu ule wivu ulikuwepo bado, maana kule mbele aliwasikia watu wakimlilia Ayyakannu kama ndugu yao.

Siku chache baadaye simu ikalia nyumbani kwake. Alikuwa mtayarishaji mmoja tajiri, na Thirumaran akaipokea kwa haraka, maana simu zilikuwa zimeadimika.

"Bwana Thirumaran, nimeiona filamu yako kule Madurai," yule mtayarishaji akasema kwa furaha. "Miaka yote hii sikujua! Kuchukiwa vile na ukumbi mzima ni kipaji. Nina filamu, nakutaka uwe adui."

Thirumaran alikaa kwanza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na stelingi ni nani?"

Mtayarishaji akamtajia jina la Ayyakannu.

Funzo: Ukimkata mwenzako ili wewe uonekane, jua kwamba kitakachoonekana ni kisu chako.